Sauti za Mtambo wa Motokaa ya Zamani na Maana Yake

Mwenye motokaa iliyotumika miaka mingi huizoea sauti ya mtambo wake kama mchungaji azoeavyo kengele za ng'ombe wake. Siku sauti ile inapobadilika, hana budi kujua upesi jambo moja: je, yafaa aendelee polepole mpaka nyumbani, au auzime mtambo papo hapo njiani? Akikosea katika jambo hilo, kazi ambayo ingemchukua fundi saa moja huenda ikawa hasara ya mtambo mzima.

Chukua mfano wa Peugeot 504, motokaa iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Pikapu za namna hiyo zilibeba kabichi, maziwa na abiria katika barabara mbaya za Kenya kwa miaka mingi, na nyingine zingali zikifanya kazi. Mtambo wake una silinda nne. Kranki huzunguka mara mbili ili kila silinda iwake mara moja, na katika mizunguko hiyo miwili kila valvu hufunguka mara moja tu. Basi mtambo ukizunguka mara 800 kwa dakika, valvu moja iliyolegea itagonga mara 400. Hakuna awezaye kuhesabu kwa wepesi huo, lakini sikio lililozoea hutambua kwamba mgongo huu ni wa polepole kuliko mwendo wa mtambo, tena ni mwepesi, kama wa cherehani, nao hutoka juu, chini ya kifuniko cha valvu.

Sauti hiyo ya tapeti isimtie mtu hofu. Motokaa yaweza kufika nyumbani nayo. Fundi hufungua kifuniko mtambo ukiwa umepoa, akapima nafasi kwa bamba jembamba, akarekebisha skrubu. Lakini aangaliwe fundi mwenye haraka, akazaye mpaka kusiwe na sauti yo yote. Maana chuma hutanuka kwa joto, na valvu iliyokosa nafasi haifungi sawasawa, mwisho huungua. Kelele kidogo ni afadhali kuliko kimya cha namna hiyo.

Ziko sauti nyingine zinazofanana na hiyo na ambazo si za ndani ya mtambo hata kidogo. Gasketi ya ekzosi ikipasuka, moshi hutoka kwa vishindo vidogo, na mtu aweza kuapa kwamba ni tapeti. Dalili yake ni masizi meusi penye kiungo, na mara nyingi hupungua mtambo ukipata moto. Pampu ya maji na dainamo nazo hulia beringi zake zikiisha. Kuzijaribu ni rahisi: mkanda wa feni huvuliwa, mtambo ukawashwa kwa muda usiozidi dakika moja, kwa sababu maji hayazunguki tena. Sauti ikipotea, ugonjwa umo katika vitu vinavyozungushwa na mkanda. Na sauti inayoanza klachi ikikanyagwa tu, ni ya beringi ya klachi. Wako watu waliouziwa mtambo mwingine kwa sababu ya gasketi, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Kutafuta mahali sauti inapotoka, mafundi hutumia bisibisi ndefu: ncha huwekwa juu ya chuma cha mtambo, na mpini hukazwa kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Sauti ndogo husikika kama iliyo chumbani. Anayefanya hivyo akunje mikono ya shati, avue skafu au kitu cho chote kinachoning'inia, na ajiepushe na feni.

Sauti ya tatu husikika motokaa inapopanda mlima au inapovuta mzigo katika gea kubwa, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Hapo petroli inalipuka vibaya badala ya kuwaka kwa utaratibu. Huenda fundi ametega cheche mapema mno, au makaa yamejaa juu ya pistoni, au petroli yenyewe imechanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulizidi hata serikali ya Kenya ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018, ili faida ya kuchanganya ipungue. Lakini iko sababu nyingine isiyo ya hila. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi. Motokaa iliyotegewa cheche Nairobi ikaenda vizuri, yaweza kuanza kulia hivyo ikifika Mombasa, kwa kuwa hewa ya pwani ni nzito na msukumo ndani ya silinda umezidi. Dereva na ashushe gea, asiukandamize mtambo, kisha cheche zirudishwe nyuma kidogo. Akiacha mambo hayo yaendelee siku nyingi, pistoni hutoboka.

Sasa iko sauti inayotaka mtambo uzimwe mara moja. Ni mgongo mzito, wa chini, kama nyundo inayopiga chuma kilichofunikwa gunia. Dereva huusikia zaidi mguu unapoachia petroli kidogo katika mwendo wa kadiri, au unapokanyaga tena. Pengine huuhisi katika sakafu chini ya nyayo zake. Hiyo ni beringi ya konrodi au ya kranki. Ikiwa taa ya oili inawaka pamoja na sauti hiyo, hakuna la kungoja: si kituo cha petroli kilicho mbele, si kijiji kinachofuata, ingawa mvua inanyesha na usiku unaingia. Beringi hizo haziguswi na kranki zikiwa nzima. Utando mwembamba wa oili huzitenga. Utando ukikosekana, chuma hula chuma kwa dakika chache. Aliyesimama mapema huenda akanunua beringi mpya tu. Aliyeendelea atalipia kusagwa kwa kranki, na asiye na bahati ataona konrodi imekatika na kutoboa ubavu wa mtambo.

Kwanza kijiti cha oili kitazamwe. Oili ikiwa imepungua iongezwe, lakini kama mgongo ungalipo baada ya kuongeza, motokaa na ivutwe kwa kamba. Ikiwa taa haiwaki na fundi yuko karibu, aweza kuijua silinda yenye ugonjwa: mtambo ukizimwa, waya wa plagi moja huvuliwa, ncha yake ikafungwa kwenye chuma cha mtambo, kisha mtambo huwashwa kwa nukta chache. Silinda yenye beringi mbovu ikikosa moto, mgongo hupungua sana. Sauti ya tapeti haibadiliki hivyo.

Oili ikimwagwa, imwagwe ndani ya karai safi na itazamwe juani. Vipande vinavyometameta ni beringi iliyosagika, na hapo filta mpya na oili mpya ni lazima, hata kama bei inauma. Baada ya beringi kubadilishwa, plagi zote zitolewe, na mtambo uzungushwe kwa stata mpaka taa ya oili izimike. Ndipo plagi zirudishwe na mtambo uwashwe.