Swali Huzaa Swali: Kutafuta Matokeo ya Utafiti kwa Mazungumzo

Mnamo mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto yenye sukari katika jokofu ili kutengeneza aiskrimu. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu yake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Hakuridhika. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne alilifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Siku hizi mwanafunzi apendaye kujua yaliyofuata aweza kuiuliza kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Lakini namna ya kuuliza ndiyo huamua atakachokipata.

Namna mbili za kutafuta

Katika namna ya zamani, mtafutaji huandika maneno machache, kama vile "maji", "moto" na "kuganda", na kompyuta humwonyesha orodha ya makala zenye maneno hayo. Akitaka jambo jingine huanza upya, kwa sababu kompyuta haiunganishi swali la pili na la kwanza.

Katika namna mpya, programu huyahifadhi maneno yaliyotangulia. Mwanafunzi akiwa ameuliza kuhusu matokeo ya Mpemba, kisha akauliza, "Nani waliyapinga?", programu hutambua kwamba silabi "ya" yarejea kwenye matokeo hayo. Hulikamilisha swali, huzitafuta makala zihusikazo, kisha huandika muhtasari na kutaja ziliko.

Faida ya swali la pili

Tuseme jibu la swali hilo lamtaja Henry Burridge na Paul Linden, ambao mwaka 2016 waliandika katika jarida la Scientific Reports kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hupoa upesi zaidi. Mwanafunzi akikomea hapo atasema kwamba Mpemba alikosea.

Lakini na aulize tena: "Walipima nini?" Hapo tofauti kubwa hudhihirika. Burridge na Linden walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0 za Sentigredi, ilhali Osborne alipima muda wa maji kuanza kuganda. Kufikia nyuzi 0 si sawa na kuganda, kwani maji yaweza kupoa chini ya kiwango hicho yangali maji. Wataalamu hao wawili walionyesha pia kwamba kipimajoto kikihamishwa sentimita moja tu juu au chini, matokeo yaweza kudanganya.

Aulizapo, "Na baada ya hapo?", atafika mwaka 2020, ambapo Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoona tukio la namna hiyo, si katika maji yanayoganda, bali katika mwendo wa chembe ndogo mno ya kioo iliyomo majini. Basi mjadala haujafungwa.

Hadhari

Programu hizi huunda sentensi kwa kukisia maneno yafuatanayo vizuri, na sentensi nzuri si lazima iwe ya kweli. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu iitwayo Galactica, iliyofunzwa kwa maandishi ya kisayansi yapatayo milioni 48. Baada ya siku tatu iliondolewa hadharani, kwa kuwa iliandika mambo ya uongo kwa lugha ya kitaalamu, na hata kutaja makala zisizokuwapo.

Kwa hiyo swali la mwisho sharti liwe: "Limeandikwa wapi?" Kisha mwanafunzi aifungue makala yenyewe, athibitishe kwamba ipo, asome namna majaribio yalivyofanywa, na alinganishe na muhtasari aliopewa. Mwalimu naye aweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika maswali matano yanayofuatana, kila moja likitokana na jibu lililotangulia, na kulisahihisha kwa ubora wa maswali badala ya wingi wa majibu.

Mpemba hakuwa na kompyuta. Alikuwa na swali, na alipoambiwa kuwa amekosea aliuliza tena.