Fahamu Namna Unyevu wa Hewa Unavyobadili Chembe za Chumvi na Kuharakisha Kutu Mwambao

Wakazi wa mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara pamoja na Unguja na Pemba, wanafahamu kuwa mabati na nondo hupata kutu mapema kuliko katika mikoa ya bara. Chanzo kikubwa ni chembe za chumvi zisizoonekana kwa macho, zikisaidiwa na unyevu wa hewa unaozigeuza kuwa kimiminika.

Chembe hizo hutokana na mawimbi. Mawimbi yanapovunjika, mapovu hupasuka na kurusha matone madogo sana ya maji ya bahari. Maji hayo hupungua kwa kugeuka mvuke, na chumvi inayobaki husafirishwa na upepo hadi nchi kavu.

Hewa ikiwa kavu, chembe ya chumvi ya kawaida huwa fuwele ngumu. Unyevu unapofikia takriban asilimia 75, fuwele hiyo hufyonza mvuke, huyeyuka ghafla na kuwa tone la maji ya chumvi. Hata hivyo, unyevu unapopungua, tone linaloelea hewani halirudi kuwa fuwele katika kiwango hichohicho. Hubaki kimiminika hadi unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 45.

Chumvi ya bahari ina pia magnesiamu kloraidi, ambayo huanza kufyonza mvuke unyevu ukiwa takriban asilimia 33 tu. Hivyo, chumvi iliyotua juu ya bati inaweza kubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua. Majimaji hayo hupitisha umeme, na ndiyo yanayoharakisha kutu. Yakitanda kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya katika nguzo za umeme, hupunguza uwezo wa vikombe hivyo kuzuia umeme usivuje. Usafishaji wake ni kazi ya mafundi wa umeme pekee.

Kwa upande wa makazi, mvua huosha chumvi iliyo juu ya paa, lakini haifiki chini ya upenu wala nyuma ya mageti ya chuma. Maeneo hayo yanahitaji kuoshwa mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi. Kupangusa kwa kitambaa kikavu hakutoshi, kwa kuwa chembe zinazobaki hufyonza tena mvuke usiku, hewa inapopoa.