Kuweka Fonti za Qur'ani katika Kompyuta: Tahadhari kwa Wanaonakili Aya



Mwandishi wa makala haya aliwahi kuletewa kijitabu cha mawaidha kilichokwisha chapwa, nakala mamia kadhaa, ili akiangalie kabla ya kugawiwa msikitini. Mahali pa Bismillahi palikuwa na alifu moja, kisha herufi moja ya Kisindi, mfano wa ba yenye nukta mbili zilizosimama wima chini yake, imerudiwa mara nne kwa maumbo tofauti. Kurasa nyingine aya zilikuwa salama. Asiyejua kusoma Kiarabu angeona Kiarabu tu, akakibusu na kukiweka juu ya kabati. Aliyekiandaa hakuwa na nia mbaya: alinakili aya kutoka katika programu ya Qur'ani, akampelekea mchapaji, na kompyuta ya mchapaji haikuwa na fonti ile.

Ili tufahamu kosa limeingia wapi, ni lazima tujue fonti ni nini. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, bali huhifadhi namba yake. Katika mfumo wa Yunikodi, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, alifu ina namba yake, ba ina yake, na hata fat-ha na shadda zina zake. Fonti ni faili lenye michoro: hupokea namba ikachora umbo. Kwa mfano wa wazee wetu, namba ni lafudhi anayoimlisha sheikh, na fonti ni kalamu ya mwandishi. Kalamu ikibadilishwa, maneno hubaki yale yale.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Lakini fonti za Qur'ani ziko za namna mbili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Namna ya kwanza aya huandikwa herufi kwa herufi kwa namba zake za asili. Miongoni mwake ni fonti ya Hafs ya Mujamma wa Mfalme Fahd wa Madina, na Amiri Quran ya Khaled Hosny, iliyofuata hati ya naskhi ya matbaa ya Bulaq, Cairo. Fonti hiyo ikikosekana, kompyuta huazima nyingine. Mwandiko huharibika, lakini herufi zenyewe zipo.

Namna ya pili ilitengenezwa ili ukurasa wa kompyuta ufanane kabisa na Msahafu wa Madina ulioandikwa na khattati Uthman Taha. Msahafu huo una kurasa 604, na kila ukurasa ukapewa fonti yake. Humo neno zima ni mchoro mmoja, nao umefichwa nyuma ya namba ambayo kwa asili ni ya herufi nyingine kabisa. Fonti ikiwepo, unaona neno la Mwenyezi Mungu kwa hati nzuri mno. Ikikosekana, inajitokeza ile herufi ya Kisindi. Kwa maneno mengine, ndani ya faili lile hapakuwa na aya hata mara moja. Palikuwa na alama za kuitia picha ya aya. Fonti hizi zinafaa ndani ya programu zilizotengenezewa. Hazifai kunakiliwa kwenda katika khutba au kijitabu.

Hata namna ya kwanza haikosi hatari. Fonti nyingi za kawaida hazina alama zote za rasmu ya Kiuthmani, kama alifu ndogo ya juu au alama za waqfu, na badala yake huweka kisanduku kitupu. Mhariri akiona visanduku huvifuta ili ukurasa upendeze! Mfano ulio karibu ni katika Suratul Fatiha. Katika riwaya ya Hafs neno "Maaliki" limeandikwa kwa mim, lam na kafu, na mvuto wa mim umebebwa na ile alifu ndogo. Ikiondoka, linasomeka "Maliki". Hicho nacho ni kisomo sahihi, ndicho cha Warsh, lakini mwandishi amehama riwaya bila ya kujua. Si kila neno lina bahati ya kuangukia kwenye kisomo kingine.

Maulamaa wa zamani walilizungumza jambo la rasmu kwa uzito. Imam Malik aliulizwa kuhusu kuandika msahafu kwa imlai waliyoizusha watu, akakataa ila uandishi wa mwanzo, na hiyo ndiyo rai ya wengi. Izzuddin bin Abdissalam alikuwa na mtazamo mwingine, akichelea wajinga wasije wakakosea kusoma. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejuzisha herufi kupotea.

Sasa kuweka fonti kwenyewe, ambako ni kazi ya dakika mbili. Lipakue faili kutoka kwa waliolitengeneza, si kwa mtu wa kati. Likiwa limebanwa kwa zip, lifungue kwanza. Utapata faili lenye mwisho wa ttf au otf. Katika Windows, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha uchague Install. Kama kompyuta ni ya ofisi ya msikiti yenye watumiaji wengi, chagua ile ya watumiaji wote. Katika Mac, libofye mara mbili, nayo programu ya Font Book italipokea. Funga Word na uifungue upya, la sivyo huenda jina la fonti lisionekane. Amiri imeruhusiwa kutumiwa na kugawiwa bure. Zile zinazouzwa zina wenyewe, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 ilikwisha kubainisha kwamba haki za uandishi na ubunifu zinalindwa kisharia.

Kisha lifanyie jaribio faili lako: chagua aya, uibadilishe kwa fonti nyingine ya Kiarabu. Ikibaki inasomeka, hata kwa ubaya, ni herufi za kweli. Ikigeuka takataka, ifute na uichukue upya kutoka katika matini ya Yunikodi iliyohakikiwa, kama ya Tanzil.

Kwa mchapaji peleka PDF iliyobeba fonti ndani yake, na utake nakala moja ya mwanzo kabla hajaendelea na nyingine. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubayr alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akajibu ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha na asili, akajibu hapana. Akamwambia kuwa basi hakuandika. Nakala hiyo moja mpe hafidhi, na msahafu uwe wazi mbele yake. Vile vijitabu vya kwetu vilizikwa, kwa kuwa kurasa zake nyingine zilikuwa na aya sahihi.