Kasongo na Kabambare: wenye maduka washindana na soko la ndani ya simu

Kusini mwa jimbo la Maniema, hakuna mtu anayeletewa mzigo mlangoni na gari la kampuni. Nyumba nyingi hazina namba, barabara ni zile zile tunazozijua, na makampuni makubwa ya kuuza kwa intaneti hayana depo Kasongo wala Kabambare. Lakini ukimuuliza mwenye duka la simu au la vikwembe nani anamsumbua siku hizi, hatakutajia jirani yake. Atakutajia picha. Picha ya simu, ya viatu, ya paneli ya sola, inayozunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Lubumbashi, Kindu au Bukavu, na bei imeandikwa chini yake.

Namna ya kununua ni rahisi kusimulia. Mtu anaona picha, anaandikiana na muuzaji, wanaelewana bei, anatuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Muuzaji anampa komisioneri mzigo, unapanda lori au treni, na mwisho kabisa motari anaufunga nyuma ya pikipiki. Kabla ya M-Pesa kuingia Kongo mwaka 2012, aliyetaka kitu cha Lubumbashi alimpa msafiri pesa mkononi na kuomba Mungu amlinde njiani. Sasa pesa inafika kwa sekunde chache. Mzigo ndio bado unatembea kama zamani.

Na hapo ndipo penye ugumu. Hata Jumia, kampuni kubwa yenye wawekezaji wa ng'ambo, ilifunga kazi zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019, na mwisho wa mwaka 2024 ikatoka Afrika Kusini na Tunisia. Kama kampuni ya namna hiyo imeshindwa kupata faida Dar es Salaam, mji wenye bandari na lami, hatuwezi kuingojea kesho Kabambare. Kwa hiyo ushindani wa hapa si wa duka na kampuni. Ni wa mwenye duka na kijana mmoja mwenye simu, ambaye halipi kodi ya nyumba, hana mlinzi wa usiku, na mara nyingi hata hicho kitu anachokionyesha hajakinunua bado.

Kinachowauma wenye maduka zaidi ni bei kujulikana. Zamani mteja wa Kasongo hakujua simu inauzwa ngapi Lubumbashi. Leo anaingia dukani, anatoa yake mfukoni, anaonyesha: «Kule ni dola 70, wewe unaniambia 100?» Mwenye duka anaanza kueleza: treni hadi Samba, kuvuka Lualaba, lori, vizuizi vya barabarani, taksi za huku na kule, na miezi ya mvua ambayo mzigo unalala njiani. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini tusifichane: wako pia waliokuwa wanapanga bei wapendavyo kwa sababu mteja hakuwa na mahali pengine pa kuuliza. Kwa hilo simu imefanya kazi nzuri.

Tuchukue huo mfano wa dola 70. Mnunuzi anaongeza gharama ya kutuma pesa, ya komisioneri na ya motari. Pengine inafika 85. Anaokoa dola 15, akingoja wiki mbili au tatu. Mzigo ukifika kioo kimepasuka, au simu ni ya kuiga, faida yote imekwenda. Kwa simu na viatu, vijana wengi wanaona bahati hiyo inafaa kujaribiwa. Kwa beterii ya sola au vipuri vya pikipiki, wengi bado wanataka kugusa kwanza. Betri inapimwa palepale dukani kwa kuwasha taa, kipuri kinalinganishwa na kile cha zamani. Na chumvi, sabuni, mafuta, sukari ya kupimwa kwa kikombe, hakuna anayevikomande kwa WhatsApp.

Silaha kubwa ya duka ni daftari la madeni. Mkulima wa mchele au wa karanga hana pesa mwaka mzima. Ana pesa baada ya mavuno. Jembe, panga na nguo za watoto anavihitaji kabla, mvua za Septemba zinapoanza. Mwenye duka anamjua, anamjua baba yake, anaandika jina na kungoja. Kule Salamabila, wilayani Kabambare, ni vilevile kwa wachimbaji wa dhahabu: mtu anakula na kuvaa kwa deni mpaka shimo litoe. Muuzaji wa ndani ya simu anataka pesa mbele.

Biashara ya deni katika nchi hii si ya leo. Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake katika karne ya 19, alichukua mali Unguja kwa mkopo wa matajiri Wahindi, hasa Taria Topan, akalipa kwa pembe za ndovu baada ya safari ya miaka. Biashara ile ilibeba pia watumwa, na hilo halisahauliki hapa. Lakini mali kutoka mbali sana, kwa ahadi ya mtu ambaye humwoni, wazee wa Kasongo waliijua kabla ya intaneti. Tofauti ni kwamba zamani tajiri wa mbali ndiye aliyekopesha. Leo mteja maskini ndiye anayemkopesha muuzaji wa mbali, kwa kulipa kabla ya kuona kitu.

Akidanganywa je? Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu ya biashara ya elektroniki. Ni hatua nzuri. Lakini mtu wa Kabambare aliyezuiwa WhatsApp baada ya kutuma pesa ana nini mkononi? Namba ya simu isiyopokelewa. Mwenye duka akikuuzia kibaya, unajua pa kupiga kelele: mbele ya duka lake, kwa chifu wa mtaa, au kwa mama yake sokoni. Mara nyingi kwa mama yake inatosha.

Vita navyo vimechanganya hesabu. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Februari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na banki za mji zikafunga milango. Waliozoea kuagiza mali upande huo, wa duka na wa simu, waliumia pamoja.

Intaneti yenyewe haifiki kila mahali. Katika vijiji vingi vya Kabambare watu wanapanda mlima kutafuta mtandao. Lakini Starlink ilipata ruhusa ya serikali mwezi wa Mei 2025, na mahali penye dhahabu hapakosi mtu wa kununua antena na kuuza mtandao kwa saa. Wenye maduka wasihesabu kwamba mtandao mbovu utawalinda kwa muda mrefu.

Hatari iliyopo ni hii: kijana mwenye pesa taslimu ananunua kwenye simu, na dukani wanabaki wanaokopa peke yao. Mtaji unalala katika daftari. Mwenye duka hawezi kwenda kuchukua mali mpya, anafunga, na mkulima anakosa wa kumwandikia deni la jembe.

Wanaojikaza wanafanya mambo mawili matatu. Wanaweka mali yao wenyewe kwenye status ya WhatsApp kila asubuhi, pamoja na bei, ili mteja wa kijijini asipande pikipiki bure. Wanaungana wawili au watatu kuagiza pamoja na kugawana gharama ya lori. Wengine wanakubali kumwagizia mteja kitu alichokiona katika simu: analipa nusu, nusu nyingine anatoa siku kitu kinapofika, baada ya kukiwasha juu ya meza ya duka.