Alama ya ∈ nayo inahitaji MAGAZIJUTO

Mwanafunzi wa Nyololo, kule Mufindi, akishafundishwa seti sekondari huandika ∈ na ∪ bila kusita. Akikaa mbele ya kompyuta, alama hizo hazimo kwenye kibodi. Lugha nyingi za programu zilikulia ndani ya ASCII, yenye alama 95 tu za kuonekana; ndiyo maana ≤ ikawa <= na mshale ukawa ->. Kenneth Iverson alikataa kubanwa: lugha yake ya APL, ya miaka ya 1960, ilikuja na alama zake, ila ikadai kibodi ya peke yake.

Siku hizi Unicode imezitengea alama za hisabati fungu la nafasi 256, na Haskell, lugha iliyofundishwa Addis Ababa mwaka 2019 kwa kina dada wa Ethiopia na Uganda, inakuruhusu kuzigeuza opereta zako mwenyewe, yaani alama za kutendea kama + ilivyo:

x ∈ a = elem x a

Yaani, x imo ndani ya orodha a. Mwalimu wa hesabu asiyejua programu ataielewa. Kazi inaanza unapoandika x ∈ a ++ b, ukitaka kujua kama x imo katika orodha mbili zilizounganishwa. Shule ya msingi tulikariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Haskell nayo ina yake, ngazi 0 hadi 9, na opereta usiyoitangazia ngazi hupewa 9, ya juu kabisa, inayotangulia zote. Basi kompaila itasoma (x ∈ a) ++ b, kisha igome, kwani jibu la ndiyo au hapana haliunganishwi na orodha. Dawa ni mstari mmoja, wa kuishusha ∈ chini ya ngazi ya ++:

infix 4 ∈

Hapo afadhali, imegoma. Ukitunga ∪ na ∩ bila ngazi, a ∪ b ∩ c itasomwa kutoka kushoto hata kama ulitaka ∩ itangulie, na jibu lisilo sahihi litatoka kimyakimya.

Halafu kuna zinazofanana. ∑ ya kujumlisha na Σ, herufi kubwa ya Kigiriki, machoni ni kitu kimoja. Kwa Haskell ya kwanza ni opereta, ya pili ni herufi ya kuanzia jina. Ukitafuta moja kwenye faili, nyingine haitokei.

Mimi nazipenda alama ambazo msomaji alishakutana nazo darasani. Za kubuni kama ⊛ humlazimu kila mgeni kuuliza. Na hata ∈ naiachia elem pembeni, maana mwenzako anayehariri kwa simu hana pa kuibonyeza.