Kijana wa mtaani na kostimu ya tajiri



Filamu ya Kingsman, ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Mwingereza Matthew Vaughn, ni ya majasusi: ngumi, vichekesho, na mwavuli unaozuia risasi. Lakini chini ya mchezo huo kuna swali linalotuhusu sisi wa Cimpunda: je, mtu apimwe kwa mahali alikozaliwa?

Eggsy ni kijana wa mtaa wa maskini, London. Baba yake alikufa akiwaokoa wenzake, na mama yake anaishi na mwanaume anayempiga. Kijana ana akili na nguvu. Alianza hata mafunzo ya jeshi, akayaacha kwa kuwa mama yake aliogopa kumpoteza yeye pia. Ndipo Harry, mmoja wa wale waliookolewa na baba yake, anamwingiza katika shindano la kutafuta jasusi mpya. Ofisi yao imefichwa ndani ya duka la fundi wa nguo, Savile Row, barabara ambayo kweli ni ya mafundi wa kostimu za matajiri.

Wenzake wametoka vyuo vikubwa, nao wanamcheka. Hata kabla ya shindano, Eggsy alikuwa amemwambia Harry: tungezaliwa na mali kama yenu, tungefanya vizuri kama ninyi, hata kuwapita.

Jambo la kuchekesha: mkubwa wao mwenye dharau anaigizwa na Michael Caine, ambaye baba yake alibeba mizigo katika soko la samaki na mama yake alikuwa mfanya usafi.

Kwetu Kongo, kostimu si ngeni. Wasapeur, pamoja na marehemu Papa Wemba, walionyesha kwamba mtu wa mtaani anaweza kutembea kama bwana. Kuna heshima katika hilo. Lakini mama anayehesabu franka sokoni Kadutu anajua pia kwamba bei ya viatu vya kifahari ingelipa masomo.

Hapo filamu inajikanganya. Inasema adabu ndiyo inayomfanya mtu, lakini kijana anapata heshima baada ya kuvaa kostimu ya bei kali. Mimi nachukua fundisho la Harry: ukubwa si kumzidi mwenzako, ni kuzidi ulivyokuwa jana. Na mwishoni, Eggsy anarudi kumtoa mama yake katika mateso.

Tuangalie jambo moja: Eggsy hakukosa kipaji. Alikosa mtu wa kumfungulia mlango. Basi katika mkutano wetu tuulizane: mama mwenye cherehani anaweza kumfundisha mtoto wa nani? Anayejua kusoma vizuri anaweza kumsaidia nani jioni?

Angalizo: filamu hii ina damu nyingi na matusi. Si ya watoto wadogo. Itazameni ninyi kwanza, kisha muizungumze na vijana wakubwa.