Heshima ya Shahada: Mafunzo Kutoka Ufuko wa Ziwa Mweru

Jioni, taa za wavuvi wa chisense zinapowashwa juu ya Ziwa Mweru, katika nyumba nyingi za Nchelenge na Kashikishi hupigwa hesabu ya karo. Mvuvi huhesabu samaki wake, askari polisi huhesabu mshahara wake, na wote wawili hujiuliza swali moja: je, kijana aliyefaulu apelekwe ng'ambo, kwenye chuo kikuu chenye jina kubwa, tangu shahada ya kwanza? Au aanzie nyumbani, na jina kubwa alitafute baadaye katika shahada ya udaktari?

Swali hilo si dogo, maana jibu lake laweza kumaliza nyavu, mitumbwi na akiba ya uzeeni. Hapana budi basi kufahamu kwanza heshima ya shahada hizi mbili hutoka wapi.

HESHIMA YA MLANGO

Shahada ya kwanza ya chuo mashuhuri hupata sehemu kubwa ya heshima yake mlangoni. Chuo cha Harvard, Marekani, kwa miaka ya karibuni kimewapokea vijana wasiofika 5 katika kila 100 wanaoomba shahada hiyo. Aliyepita mlango mwembamba namna hiyo husifiwa hata na watu wasiojua alisomea nini. Huko Uingereza, kwa karne nyingi kusoma Oxford au Cambridge kulitosha kuwa alama ya ubwana. Udaktari wa utafiti ulianzishwa Oxford mwaka 1917 na Cambridge mwaka 1919. Na hata baada ya hapo walimu wengi mashuhuri wa vyuo hivyo hawakuwa nao, wala heshima yao haikupungua.

Zambia nayo iliijua thamani ya shahada ya kwanza. Ilipopata uhuru mwaka 1964, nchi ilikuwa na wananchi wapatao 100 tu waliohitimu chuo kikuu. Watu walichanga fedha, na wasiokuwa na fedha walitoa mahindi na kuku, ili Chuo Kikuu cha Zambia kijengwe. Kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1966.

HESHIMA YA KAZI

Udaktari ni jambo jingine. Hapa mwanafunzi haulizwi tu amepita mlango gani, bali ameongeza nini katika elimu. Huchagua swali moja, hulichimba kwa miaka kadhaa chini ya msimamizi, kisha huandika tasnifu na kuitetea mbele ya mabingwa. Wanaomsifu ni wachache, lakini wanakijua wanachokisifu.

Mfano wake upo ziwani Mweru penyewe. Mwaka 1981 Mzambia Mwelwa Musambachime alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani. Hakuandika habari za wafalme wa Ulaya. Aliandika juu ya kukua kwa uvuvi wa Mweru na Luapula kuanzia 1920 hadi 1964. Mitaani Wisconsin haina sifa ya Harvard, lakini kwa wanahistoria wa Afrika ilikuwa miongoni mwa vyuo vya mbele kabisa, kwani huko walifundisha mabingwa kama Jan Vansina na Philip Curtin. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dakta Musambachime alikuwa balozi wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa.

Baada yake alikuja David Gordon, mwanafunzi wa udaktari kutoka Princeton. Utafiti wake ulizaa kitabu kilichotolewa mwaka 2006, ambacho jina lake linamtaja Nachituti. Huyo, kwa masimulizi ya wazee, ni mwanamke aliyemkabidhi Mwata Kazembe nchi na maji baada ya kulipiziwa kisasi cha mwanawe. Princeton ilitoa jina. Wazee na wavuvi wa Mweru walitoa elimu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jina la chuo halina kazi katika udaktari. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wahadhiri wanne kati ya watano waliopata udaktari nchini humo walitoka katika moja ya tano tu ya vyuo vyake. Tofauti ni kwamba hapo hupimwa pia jina la idara na la msimamizi, si la chuo peke yake.

HESABU YA MZAZI

Kuna pia suala la fedha. Shahada ya kwanza ng'ambo kwa kawaida hulipiwa na mzazi, ijapokuwa vyuo vichache vyenye utajiri, kama Harvard na Princeton, humsaidia hata mgeni kwa kadiri ya uwezo wa wazazi wake. Kwa upande wa udaktari, vyuo vikubwa vya Marekani mara nyingi humsamehe mwanafunzi karo na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti.

Kwa hiyo, mzazi asiye na uwezo asione haya kumwanzisha mwanawe Lusaka. Shahada ya kwanza ya nyumbani, ikiwa na alama nzuri, haimfungii kijana njia ya udaktari katika vyuo vikubwa. Kabla ya kuuza mtumbwi, yafaa baba na mama wakae na kijana wao, wamuulize anataka kujua nini. Kijana mwenye jibu ana safari ndefu ya kuitayarishia. Asiye na jibu bado, shahada ya kwanza iliyo karibu itampa nafasi ya kulitafuta, na mtumbwi utabaki majini ukiwalisha wadogo zake.